Kaka, Alhamisi nitakuwa Buhongwa

Kaka,

Simu yako inaita mpaka inakata. Meseji zangu zinaonyesha tiki mbili za bluu, kwa hiyo najua unazisoma. Naandika hapa kwa sababu hapa huwezi kunikatia. Jina lako sitalitaja. Wanaosoma huku hawakujui, na wanaokujua wanajua tayari, na hilo ndilo lililotugombanisha.

Wifi kaniambia hulali. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Anasema saa nane usiku unatoka unakaa barazani mpaka kunakucha, na kila ukienda haja ndogo unakojolea kwenye kopo jeupe, unaliinua kwenye taa, unalitazama. Kaka, lile kopo litupe. Daktari ameshaiona damu, ameshaingiza kamera, ameshakata kinyama cha kupima. Macho yako hayatamwongezea kitu. Ikija damu nyingi yenye mabonge, au mkojo ukigoma kutoka, hapo usikae barazani, tafuta gari hata kama ni usiku. Zaidi ya hapo, acha kuchungulia.

Na usizihesabu siku za kusubiri majibu kana kwamba kila inayopita ni habari mbaya. Nimeuliza. Kile kinyama hulowekwa kwenye dawa, kikazamishwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kikapakwa rangi, ndipo mtaalamu akakitazama kwa hadubini. Wiki tatu ni foleni na kazi ya mikono. Si kwamba wameona kitu wanaogopa kukuambia. Damu kwenye mkojo inaweza kuletwa na maambukizi, na mawe ya figo, na tezi dume, na kichocho, na uvimbe ambao si saratani. Wewe umeacha yote hayo, umechagua saratani, unakesha nayo.

Nakuelewa. Wewe unamwona baba.

Baba naye alisema ni kichocho tu cha wavuvi. Damu ikatoka siku mbili, ikaacha, akamshukuru Mungu akarudi ziwani. Baada ya miezi ikarudi, ikaacha tena, wala hakuna mahali palipomuuma. Kule kuacha ndiko kulikotudanganya sisi wote. Damu isiyo na maumivu inatakiwa ichunguzwe hata ikitoka mara moja tu ikapotea, lakini nani alitwambia? Siku tuliyomvusha Kigongo mwaka 2016 tulikaa kwenye foleni ya kivuko tangu saa mbili mpaka saa sita, baba amelala kiti cha nyuma, wewe unawafukuza wauza karanga dirishani kama vile wao ndio waliochelewesha kivuko. Sasa daraja lipo, tangu 2025, na kila nikipita pale juu nayatazama yale maji chini nanyamaza.

Tena hata hicho "cha wavuvi" hakikuwa sahihi. Kichocho kinachotawala ufukweni mwa Ziwa Victoria ni kile cha tumbo. Cha mkojo, konokono wanaokibeba wanakaa zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga, yaani kule kwa bibi Misungwi, lambo lile lile tulilokuwa tunaogelea saa saba mchana jua likiwaka. Mlikuwa mnashindana nyie wavulana nani atamalizia na matone mekundu. Mkasema ndiyo kukua, na mimi nikawaonea wivu.

Halafu 2005 wakaja na vidonge vya kichocho shuleni. Wakatusimamisha mmoja mmoja kwenye ule mti wa kupimia urefu, wewe ukapewa vitatu. Ukavitia mdomoni, ukanywa maji mbele ya mwalimu, ukazunguka nyuma ya jiko la shule ukavitema. Niliviona pale kwenye vumbi, vikubwa, vyeupe, vimeanza kuyeyuka pembeni. Ukaweka kidole kwenye midomo. Nikanyamaza. Sikumwambia mayu, mama yetu, sikumwambia mwalimu, na baba alipougua sikusema pia kwamba nyumba hii ina mwingine aliyekuwa anatoa damu.

Sasa nije kwenye ile Jumapili.

Ulikuwa umeleta dagaa sokoni Mwaloni, ukalala kwangu. Usiku maji yakakatika. Alfajiri nikaingia chooni na ndoo, nikakuta kwenye sinki mkojo mwekundu kama juisi ya rozela, na kiuzi kimoja cheusi kimetulia chini, hakichanganyiki na kitu. Nilisimama pale na ndoo yangu muda mrefu. Nilipokuuliza ukasema ulikula bitiruti. Bitiruti hubadilisha rangi ya mkojo, ni kweli, ila wewe tangu tuzaliwe hujawahi kuila.

Mchana watu wamekaa mezani, baba mdogo, dada, mume wangu, watoto. Umeshanawa. Sato amegawanywa. Nikasema, "Baba mdogo, kaka anakojoa damu." Hivyo tu, sikuzunguka. Ukautazama mkono wako, bado una maji. Ukainuka ukalifuata beseni, ukanawa tena, kidole kimoja kimoja, mkono ambao haujagusa hata tonge. Watoto wakadhani umeshiba. Ukasema, "Umenivua nguo mbele ya watu. Kuanzia leo nihesabu nilikufa na baba."

La kwanza nalikubali. La pili limenishinda kulisamehe, nimejaribu. Nilimwogesha baba mwisho wake na mikono hii, halafu unaniambia nikuweke pamoja naye?

Ungesema ningekuita pembeni. Nilikuita pembeni asubuhi, ukaniletea bitiruti. Nani alikupakia kwenye gari Jumatatu? Baba mdogo. Ungekwenda kwa neno langu peke yangu? Sema kweli. Mara ya kwanza ulipeleka mkojo wa alfajiri, na aliyekutumia ujumbe kupitia kwa mkeo kwamba mayai ya kichocho hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ni mimi. Mayai yalipokosekana ukataka kurudi nyumbani na furaha yako. Aliyesema usirudi, kapige kwanza ultrasaundi, ni mimi, kwa sababu kichocho cha siku nyingi kinaweza kisionyeshe mayai na bado kikawa kimeharibu kibofu. Wakaona pale kwenye ukuta wa kibofu palipovimba. Je, ningenyamaza?

Ona, nilitaka kukutuliza na sasa najitetea. Lakini nilinyamaza mara moja kaka, nyuma ya jiko la shule, na nalala na vile vidonge mpaka leo.

Ukiamka saa nane, mwamshe wifi. Naye hajalala, amekugeuzia mgongo tu anasikiliza mlango. Kaeni wote barazani. Na maswali yanayokujia usiku yaandike kwenye karatasi, maana ukishaingia kwa daktari utasema "sawa" kwa kila kitu kama baba: uvimbe wenyewe ni wa aina gani, umeingia mpaka kwenye msuli wa kibofu au uko juu juu, kinafuata nini, lini. Na kama kumbe ni kichocho, wanywe dawa watoto wako pia. Wote. Na wewe usiteme.

Alhamisi, siku ya majibu yako, nimeshaomba ruhusa kazini. Kuanzia saa moja asubuhi nitakuwa kituoni Buhongwa, upande wa magari yanayotoka Sengerema, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, najua hutakuwa umekula. Ukitaka niingie ndani na wewe nitaingia. Ukitaka nikae kwenye benchi nje nitakaa. Ukinipita pale bila kushuka, nitapanda gari linalofuata.

Mdogo wako