Yah: Malalamiko kuhusu nakala "iliyosafishwa upya" ya katuni ya Batman ya 1992

Kwa Mkuu wa Idara ya Vipindi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Batman: The Animated Series mliyoiweka kwenye huduma yenu ya kulipia imeharibika, na sehemu kubwa ya uharibifu imefanyika kwenu, si kwenye filamu.

Baya kuliko yote ni umbo la picha. Katuni hii ilichorwa kwa uwiano wa 4:3 (upana kwa urefu). Ninyi mmeitanua ijae kioo cha 16:9, kisha mkakata juu na chini. Piga hesabu: robo nzima ya mchoro imekwenda. Batman akisogezwa karibu, masikio yanabaki nje ya kioo, na Batman bila masikio ni mtu tu aliyevaa soksi kichwani. Irudisheni kwenye pikseli 1440 kwa 1080, na weusi wa pikseli 240 kila upande. Weusi huo haumsumbui mtu anayeijua katuni hii.

La pili ni giza. Eric Radomski, mmoja wa waundaji wa katuni hii, alitaka mandhari za Gotham, jiji la Batman, zipakwe kwenye karatasi nyeusi badala ya nyeupe, kwa hiyo kinachopakwa pale ni mwanga; usiku ni karatasi yenyewe. Programu yenu ya kufuta chembechembe za filamu imefuta na alama za brashi. Moshi umekuwa madoa ya ngazi ngazi, na kingo za majengo zimezama. Kwa dalili hizi, tunashuku video ya kiwango cha 16–235 (namba za mwanga, kutoka weusi hadi weupe) imetanuliwa mara mbili. Kagueni hapo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Zimeni pia ulainishaji wa mwendo. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili. Mashine ikibuni fremu za katikati, joho linavutika kama ulimbo na ngumi inakosa uzito.

Mpangilio nao! Mmefuata tarehe za kurushwa: "The Cat and the Claw" sehemu ya kwanza ilitoka 5 Septemba 1992, ya pili 12 Septemba, na katikati mmeweka visa vingine, "Heart of Ice" kikiwamo. Tumieni mpangilio wa utayarishaji, unaoanza na "On Leather Wings". Kitufe cha kuruka utangulizi nacho kinaruka hadi kadi ya jina la kisa, ambayo ni mchoro wa kutazamwa.

Maelezo yenu yanasema mhusika Harley Quinn alitoka vitabuni. Sivyo. Alianzia humu, kwenye kisa cha "Joker's Favor", akaingia kwenye vibonzo vya kuchapwa 1993.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja tarehe ya kurudisha nakala ya 4:3. Hiyo ya sasa mnaweza kuiacha pembeni kwa anayeitaka.

Wenu,
Wateja na wasomaji wa vibonzo