Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: wodi tulizosomea

Ndugu wanachama, asalamu aleikum. Wazee wetu, shikamooni.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nina neno kuhusu madirisha.

Sote tulisoma katika majengo yaliyokuwa wodi za kifua kikuu. Mwaka huu kamati ilishughulika zaidi na baraza inayoelekea bahari, ambayo ilikuwa imezibwa kwa plaiwudi ili zipatikane ofisi mbili. Madarasa ya nyuma yake yakawa tanuri. Tulikwenda na kurudi mara nyingi, mwisho uongozi wa chuo ukakubali. Siku plaiwudi ilipong'olewa kusi lilikuwa limeshika kasi. Karatasi za wanafunzi zikaruka, mwalimu akatoka nje kuokota vijiwe vya kuzibania. Nilisimama mlangoni nikashindwa kusema.

Baraza ile haikujengwa kwa urembo. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kijidudu kinacholeta ugonjwa huu kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, haikupatikana hadi 1943. Miaka yote hiyo katikati, mgonjwa aliachiwa mapumziko, chakula na hewa. Ndiyo maana dari ni refu, madirisha yanatazamana, na baraza ina upana wa kutosha kusukumia kitanda nje.

Siku ya Kifua Kikuu Duniani tulimwalika mzee mmoja aliyelazwa hapa utotoni. Alihesabu nguzo kutoka mlangoni, akasimama kwenye ya nne, akaweka kiganja. Kitanda chake kilikuwa hapo. Akatwambia kuwa mamake alikuwa akisimama chini ya mwembe, haruhusiwi kusogea.

Wako wazazi ambao bado wanaogopa kuleta watoto. Tafadhalini waelezeni: ugonjwa huu husafiri hewani kutoka kwa mtu anayekohoa, haukai ukutani kusubiri mwanafunzi. Na wodi zilibaki tupu kwa sababu ya heri. Majaribio yaliyofanywa hapa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalionyesha kwamba miezi 6 ya dawa, rifampisini ikiwemo, yatosha kumponya mgonjwa ambaye zamani angemeza dawa mwaka mmoja na nusu. Watu wakaanza kutibiwa wakiwa kwao.

Kuna kosa, nami nalibeba kama mwenyekiti. Ukuta wa maktaba ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi alitushauri tuupige plasta ya simiti, tukachanga, tukalipa bila kuuliza wanaojua nyumba za Mji wa Kale. Simiti haipumui. Unyevu umenaswa ndani, chumvi imechanua kama unga, na plasta unaibandua kwa kidole. Itabidi ivunjwe yote, turudishe chokaa, na kazi iishe kabla ya masika. Waliochanga mara ya kwanza nawaomba radhi. Nawaomba pia wachange tena.

Lipo pia pendekezo la kuziba madirisha ya iliyokuwa wodi ya wanawake ili chumba cha kompyuta kiwekwe eesi, yaani kiyoyozi. Kamati inapinga. Kompyuta zinahitaji ubaridi, ni kweli, lakini zinaweza kukaa katika jengo jipya kando ya lango, ambalo lilijengwa kwa eesi tangu mwanzo. Tutapiga kura baada ya hesabu. Wasio na kadi waandikishe majina kwa katibu sasa hivi.