Shati moja limerudi kwangu mara tatu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na kwa mashati ninayoletewa huwa najua wiki ambayo vijana wamepigana. Kola zinang'oka, vifungo vinaondoka na kipande cha kitambaa.

Msimu uliopita wa korosho, kijana wa kidato cha pili aliniletea shati lilelile mara tatu. Mara ya tatu lilikuwa limechanwa kwa wembe, kutoka begani hadi kiunoni, na vesti yake ina mstari wa damu. "Fundi, lishone kabla mama hajarudi kutoka shamba." Mama yake alikuwa kwenye mikorosho huko Nanyamba, nyumbani yuko bibi tu.

Nilimpa stuli, nikashona taratibu makusudi ili aongee. Ugomvi wake na mwenzake wa darasani ulianzia kwenye mpira, mtaa kwa mtaa, ukahamia darasani. Shule iliwachapa wote, ikawarudisha nyumbani wiki mbili. Wiki hizo wakashinda kijiweni kupanga nani atamvizia nani. Wembe ulitoka huko.

Serikali ilishatoa mwongozo wa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, yaani mahali pa mwanafunzi kupeleka taarifa anapotishwa au kuumizwa. Kijana aliniambia shuleni kwao dawati lipo kwa jina mlangoni, ndani yamewekwa majembe. Mhariri, hilo limenikaa moyoni. Naomba kila dawati lipate mwalimu ambaye wanafunzi wenyewe wanamwamini, apunguziwe vipindi ili awe na muda. Apelekewe habari siku ya kutishiana, kabla ya damu. Na wazazi tuitwe jioni, maana asubuhi tuko shamba na sokoni. Wazee wanaowafunda vijana jandoni nao waitwe. Kumkalisha kijana wanakujua kuliko sisi.

Inawezekana. Luwero, Uganda, shule za msingi zilifuata mpango wa shirika la Raising Voices kwa miezi 18, walimu na wanafunzi wakibadilisha pamoja namna ya kuishi shuleni. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba huko waliosema wamepigwa na walimu katika wiki moja kabla ya kuulizwa walikuwa kama 31 katika kila wanafunzi 100. Shule zisizo na mpango, 49. Fimbo ilipungua, na shule haikubomoka.

Wale vijana wawili bado wako darasa moja. Mpaka leo hakuna mtu aliyewakalisha pamoja.

Fundi cherehani,
Magomeni, Mtwara