Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Vitambaa, Picha na Muziki wa Dunia

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi chini ya turubai hili ambalo, kama unavyoona, upepo wa Dodoma umeshaanza kuling'ang'ania.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijipangia kwamba kila kundi lichague kitambaa, picha au ala ya muziki kutoka popote duniani, lisome habari zake, kisha lijaribu kuitengeneza kwa mikono. Kazi ilianza kwa ugomvi. Kundi la kidato cha pili lilileta kitenge na kukitambulisha kuwa vazi la asili la Mwafrika. Mwenzetu mmoja akasimama na kuuliza, asili ipi? Akaeleza kuwa kuchora kitambaa kwa nta ya moto ni ufundi wa watu wa Java, huko Indonesia. Kwamba Waholanzi waliuiga kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846 kikaja kupata wateja wake wakubwa Afrika Magharibi. Kikao kilivunjika kabla ya kengele.

Wiki iliyofuata kanga nayo ikapandishwa kizimbani. Wengine walileta habari za leso za Wareno, ambazo wanawake wa pwani walizinunua zikiwa hazijakatwa, wakaziunganisha sita sita hadi zikawa vazi. Ilionekana upande wa asili umeshindwa. Ndipo binti mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye huwa hasemi, akauliza: Mreno ndiye aliyeandika maneno ya kwenye kanga aliyonibebea mama? Hakuna aliyemjibu. Msimamo wetu tangu siku hiyo ni kwamba kitambaa ni cha wale wanaokivaa harusini na msibani, hata kama uzi wake ulivuka bahari. Wapo wanachama watatu ambao hadi leo hawajakubali, na leo wamevaa kaniki kwa makusudi.

Tulipojaribu batiki wenyewe, tulijifunza heshima. Tuliyeyusha mishumaa jikoni, tukachora, na kabla nta haijaganda upepo ukaja na vumbi lake lote. Vitambaa vile wekundu wa udongo wake haukutoka hata tulipovichemsha. Tumevitundika pale kushoto. Mwalimu wetu anasema tuviite mtindo mpya. Kente ya Ghana ilitutesa kwa namna nyingine. Waasante na Waewe hufuma vipande vyembamba kama mkanda, kisha huvishona pamoja kupata nguo nzima. Fundi seremala wa shule alitutengenezea fremu, na baada ya wiki tatu tulikuwa na kipande kimoja chenye urefu wa mkono. Kiko mezani. Tunaomba kisivutwe.

Kwa upande wa picha hatukwenda mbali. Tulichora kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam kwa kutumia hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki mwaka 1972 kabla ya kuona mtindo wake ukizunguka dunia. Tulitaka pia kunakili michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ila aibu yetu ni hii: tumeisoma kwenye kitabu tu. Hata wenzetu wanaotoka Kondoa hawajafika Kolo, iliko michoro hiyo.

Kilichotushika zaidi ni muziki. Tulimwalika babu mmoja kutoka Chamwino aje na marimba yake, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kundi lililosoma mbira ya Washona wa Zimbabwe, ndugu ya marimba hiyo, lilikuwa limefunga vizibo vya soda kwenye ubao wao ili sauti iwe na mkwaruzo, kama wafanyavyo wenyewe siku hizi badala ya makombe ya konokono. Babu akacheka, akageuza marimba yake na kutuonesha tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Huo ndio unaotetemeka na kuipa marimba ya Wagogo ule mvumo wake. Kwa siku kadhaa baada ya hapo hakukuwa na buibui aliyesalimika katika bweni la wavulana. Hii ndiyo ala ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliipigia majukwaani Ulaya, na sisi tuliozaliwa kwenye ardhi yake tulikuwa tunaiona kwa mara ya kwanza. Wasichana nao wamejifunza muheme kwa akina mama wa mtaani. Ngoma hizo hubanwa kati ya mapaja na wapigaji ni wanawake, kwa hiyo wavulana leo watapiga makofi tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuna mahali pa kutunzia vitu hivi. Fremu ya kufumia inalala stoo pamoja na majembe, na zeze tuliloazima lilikatwa uzi na panya. Tumeshaomba radhi kwa mwenyewe. Tunakuomba utusaidie kupata kabati lenye kufuli, marimba mbili za klabu, na usafiri wa siku moja kwenda Kolo. Tukipata moja tu kati ya hayo, wanachama wamepiga kura: iwe Kolo.

Sasa tunakukaribisha ukague meza, kisha ukae usikilize muheme.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sanaa