Barua ya wazi kwa Burugumestre, mkuu wa komini yetu: kiwanja cha watoto kinakwenda

Mheshimiwa Burugumestre,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za wamama na wababa wa avenyu yetu hapa Lubumbashi. Nilikuandikia barua mbili ndani ya bahasha, nikaziacha kwa katibu wako, nikarudi nyumbani na nakala zenye mhuri. Hakuna iliyojibiwa. Hii ya tatu naiandika wazi.

Jumapili iliyopita pikipiki ilimgonga mjukuu wangu. Ana miaka 8. Mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka juu ya goti, na usiku analia kwa kuwashwa ndani mahali mkono haufiki. Mwenye pikipiki simlaumu. Watoto walikuwa wanacheza mpira katikati ya barabara, yeye akatokea kwenye kona. Walikuwa barabarani kwa sababu kiwanja chao kimezungushiwa ukuta.

Unakijua kile kiwanja, Baba. Mwaka jana, kabla mvua haijaanza, ulifika wewe mwenyewe, ukapanda juu ya kile kichuguu kikubwa ili watu wote wakuone, ukasema kiwanja hiki ni cha watoto na hakuna atakayekigusa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele. Leo kichuguu hakipo. Kimechimbwa, udongo wake umekandwa, umefyatuliwa matofali, yamechomwa palepale, na ndiyo yaliyojenga ukuta. Nimeyagusa kwa mkono wangu. Ni udongo uleule uliosimama juu yake ukituahidi.

Bwana aliyejenga alianza na magunia ya makala ya kupikia chini ya mwembe. Tukamwacha, maana kila mtu anatafutia watoto wake chakula. Kisha kibanda cha mabati. Kisha matuta manne ya mahindi. Sasa ukimuuliza anajibu: "Niko hapa miaka 12, hakuna aliyenifukuza, pamekuwa pangu."

Si pake. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, kusoma najua. Kifungu cha 53 cha sheria ya ardhi ya mwaka 1973 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, wala hakuna anayeipata kwa kuikalia miaka. Kifungu cha 55 kinasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza itolewe kwenye matumizi hayo kwa njia ya sheria. Miaka 12 ya makala haizai haki, hata ingekuwa 40.

Kinachonikosesha usingizi ni karatasi. Juzi walikuja vijana na mkanda wa kupimia, mchana mweupe, wakapima kona zote nne, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka bila kusalimu mtu. Nani aliwatuma, sijui. Nadhani kuna mtu ndani ya ofisi fulani anamtengenezea cheti cha uandikishaji, ile karatasi inayompa mtu haki juu ya ardhi. Na kifungu cha 227 cha sheria ileile kinatubana: cheti hicho kikifikisha miaka 2 bila kupingwa, hakishambuliki tena, kinachobaki ni kudai fidia. Fidia haitawapa watoto mahali pa kucheza. Na sisi tukifiwa, hema la kilio tutalisimika wapi? Mwezi uliopita tulimlilia jirani yetu pembeni ya mtaro, wazee wamekaa na miguu ndani ya matope.

Nilikuwa nimeandika hapa mambo mengi ya kuomba: mawe ya mpaka, bango, ukuta ubomolewe. Nimeyafuta. Naomba barua moja tu, Baba. Barua yenye mhuri wa komini kwenda kwa konservateri wa vyeti vya ardhi, imwambie kwamba kiwanja hiki ni cha watu wote na asitie sahihi cheti chochote. Barua moja, wiki hii, kabla yule bwana hajapata yake.

Jumatatu, ofisi ikifunguliwa, nitakuwa kwenye benchi la koridoo kungojea nakala. Mtoto nitakuja naye, maana sina wa kumwachia.

Mwalimu mstaafu, mkaaji wa komini yako