YAH: Malalamiko kuhusu mafuvu 6 ya kufundishia yenye taya lisilo na tundu la neva

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Kufundishia.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkufunzi wa anatomia katika chuo kinachofundisha matabibu wa meno. Mwezi uliopita chuo kilinunua kwenu mafuvu 6 ya plastiki. Kwenye orodha yenu ya bidhaa mliandika kwamba yamefuata fuvu halisi la mtu mzima, mifupa yote 22 ikionekana. Tumeyatumia wiki 2 tu. Sasa nimeyafungia kabatini.

Shida kubwa iko kwenye taya la chini. Upande wa ndani, katika ule ubapa wa mfupa unaopanda kuelekea sikioni, kila mtu ana tundu moja kulia na moja kushoto. Hapo ndipo neva ya meno ya chini inapoingia mfupani na kupita chini ya mizizi ya magego, kisha tawi lake likatokea nje kwenye tundu dogo karibu na kidevu. Tabibu anayetaka kung'oa gego la chini hulenga sindano ya ganzi juu kidogo ya lile tundu la ndani. Halioni, kwa kuwa limefunikwa na nyama. Hupapasa ukingo wa mbele wa taya kwa kidole gumba, na kwingine kote anategemea kumbukumbu ya fuvu alilolishika darasani. Akipatia, meno ya upande ule, nusu ya mdomo wa chini na kidevu vinakufa ganzi. Akipeleka sindano nyuma mno, dawa inaingia kwenye tezi ya mate iliyo chini ya sikio, upande mmoja wa uso unalegea kwa saa kadhaa, mgonjwa hawezi kufumba jicho, na gego linauma vilevile. Kwa mtoto, tundu hilo liko chini zaidi kuliko kwa mtu mzima, kwa hiyo mkono ukizoea vibaya tangu mwanzo, kosa linaongezeka.

Mafuvu yenu hayana tundu hilo. Nimeyakagua yote 6, na taya kwa ndani ni laini kama sahani. Lile la karibu na kidevu mmelichora kwa doti nyeusi. Mwanafunzi wangu mmoja aligeuza taya mara mbili mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, sasa neva inaingilia wapi?" Nilikosa cha kumwonyesha. Nilirudi stoo kuchukua fuvu letu la zamani, ambalo mfupa wake wa shavu umeungwa kwa gundi, kwa sababu hilo lina tundu.

Kiungo cha taya nacho ni kibovu. Mtu anapofungua kinywa, kichwa cha taya huzunguka kwanza, halafu huteleza mbele chini ya kinundu cha mfupa kilichopo mbele ya sikio. Kikipita kinundu kile, taya huteguka na kinywa hubaki wazi. Wapo wanaoletwa kliniki hivyo baada ya kupiga mwayo tu. Tabibu hulirudisha kwa kukandamiza magego ya chini kuelekea chini, kisha nyuma. Ninyi mmelifunga taya kwa msumari, linafunguka kama kifuniko cha sanduku. Haliwezi kuteleza, na kinundu chenyewe hakipo, hivyo somo hilo siwezi kulifundisha.

Nitaje pia kwamba magego ya juu yanayochomoka yana mizizi 2, ilhali kwa kawaida yana 3, na kwamba fuvu moja lina meno 30 badala ya 32.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba mafuvu haya ni ya kufundishia tu, si lazima yafanane kabisa. Jibu hilo lilinikera kuliko kasoro zenyewe. Daktari mzoefu angeshika fuvu lenu na kuona kosa papo hapo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana cha kulinganishia. Anachokishika ndicho anachokiamini, na atakwenda nacho hadi kwenye kinywa cha mama wa watu.

Ninaomba mambo matatu. Mchukue mafuvu yote 6 kwa gharama zenu na kuturudishia fedha yote, au mtuletee mengine ambayo nitayakagua kabla ya kusaini hati ya kupokelea. Mviarifu kwa maandishi vyuo vingine vilivyonunua aina hii. Na muyaondoe maneno "fuvu halisi" kwenye orodha yenu hadi mtakaporekebisha taya.

Nimeambatisha picha za kila fuvu na nakala ya risiti. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14, kwani mafunzo ya sindano ya ganzi yanaanza mwezi ujao na fuvu lenye tundu tunalo moja tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa Anatomia

Nakala: Mkuu wa Chuo, Ofisa Ununuzi