Kwa Baraka, kabla hujafunga begi

Houston, Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye gari, nikaurudia tena jikoni. Umesema viza imetoka, na ukifika huku utatafuta "kazi yoyote kwanza", ualimu utafuata mambo yakitulia. Hilo neno "kwanza" ndilo lililonikalisha mezani kuandika barua, maana kwenye simu unanikatisha.

Mimi nilisema hivyo hivyo. Nilikuja na cheti changu cha Daraja la IIIA kutoka Korogwe, nikakilaza kwenye droo chini ya mashuka, nikasema kwanza nipate kodi ya nyumba. Hiyo kwanza ilikula miaka tisa. Nilikuwa natunza wazee, nawageuza kitandani usiku, alfajiri nawalisha uji. Ni kazi ya halali na siionei haya. Lakini kila Agosti mabasi ya njano yakianza kupita hapa Alief, nilikuwa natazama pembeni. Tena nilipoamua, nililazimika kuanzia chini kabisa, kwa sababu Texas haimpi mtu cheti cha kufundisha darasani bila shahada ya kwanza, ukiwaacha baadhi ya walimu wa masomo ya ufundi. Wewe shahada unayo, ya ualimu, hisabati na jiografia. Unaanzia pale nilipofika mimi nikiwa na mvi.

Sasa nisikilize. Huku hakuna TAMISEMI. Hakuna wa kukupangia kituo wala orodha ya majina ya kusubiri. Jimbo lina wilaya za shule zaidi ya elfu moja, na neno wilaya lisikuchanganye, halina mkuu wa wilaya ndani yake. Kila moja ina bodi yake, kodi yake, mabasi yake na ofisi yake ya ajira. Hao ndio wanaoajiri. Jimbo, kupitia wakala wake wa elimu anayeitwa TEA, kazi yake ni kutoa cheti. (Wenyewe wanasema cheti; ukisema leseni watakuelewa.) Kwa hiyo utabisha hodi milango miwili, na hodi zote utazipiga mwenyewe. Ile tabia ya kufungua Ajira Portal kila asubuhi huku ukijitolea kufundisha kwa nauli ya daladala, iache huko huko.

Mjomba wako amekwambia Texas wanaajiri hata asiye na cheti. Hajakudanganya. Wilaya nyingi zilipopungukiwa walimu ziliruhusiwa kufanya hivyo. Ila mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuufunga mlango huo taratibu kwa masomo makuu, na hisabati ni mojawapo. Usijenge kwenye kiwanja kilichokwishapigwa alama ya X nyekundu.

Njia yako itaitwa njia mbadala, yaani ya mtu aliyekwisha kupata shahada anayeingia programu ya kumwandaa mwalimu bila kurudi chuo kikuu miaka minne. Utauliza, mbona nimesomea ualimu na mazoezi ya kufundisha nimefanya? Ungekuwa na leseni ya nchi nyingine na miaka ya kazi, kuna utaratibu wa kupeleka vyeti vyako TEA vikaguliwe. Wewe umejitolea tu, hujawahi kuajiriwa, kwa hiyo usipoteze muda kubishana. Ingia programu.

Kabla ya programu, ile shahada yako lazima itafsiriwe kwa lugha ya huku, na simaanishi Kiingereza. Kuna mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, na TEA ina orodha ya yale inayoyakubali. Omba tathmini ya somo kwa somo. Ile fupi ya ukurasa mmoja, ya kusema tu "hii ni sawa na shahada ya Marekani", haitakufikisha. Wanataka kuona saa ulizosoma hisabati, maana kwa mwalimu wa hisabati wa kuanzia darasa la 7 kwenda juu, programu inadai saa 15 za chuo za somo hilo (hizo ni uzito wa kozi, si saa za ukutani), au uufaulu mtihani wa somo kabla ya kupokelewa. Halafu GPA, yaani wastani wa alama zako. Wewe unajivunia 3.6 yako, na mimi najivunia, lakini chuo chako kinahesabu kwa tano na hawa wanahesabu kwa nne. Usishtuke ikirudi na sura nyingine. Kiwango cha chini cha kuingia programu ni 2.5 ya kwao. Waulize pia mapema kama watakudai mtihani wa Kiingereza wa TOEFL au chuo chako kinakusamehe.

Programu ni nyingi, nyingine za vyuo vikuu, nyingine za kampuni binafsi, na hapa ndipo nilipoumia. Ile ya kwanza niliyojiunga nayo, jina nalihifadhi, ilipokea hela ya kujiandikisha kwa tabasamu, na baada ya hapo simu ikawa inapokelewa na mashine. Miezi saba. Kumbe TEA hutangaza hali ya kila programu, ipi imekubaliwa bila doa, ipi imepewa onyo, ipi iko chini ya uangalizi. Nilikuwa na intaneti na sikuangalia. Wewe angalia. Na ukisikia "lipa kidogo sasa, nyingine tutakata kwenye mshahara", soma mkataba mpaka mwisho, ujue watakata kiasi gani na kwa miezi mingapi.

Ndani ya programu kuna saa 300 za masomo, sehemu yake ukikaa nyuma ya darasa la mtu ukitazama. Hizo hazikusumbui. Twende kwenye mitihani.

Wa somo lako ni Hisabati 7–12, namba 235. Alama zinahesabiwa kuanzia 100 hadi 300, na kufaulu ni 240. Huo sina wasiwasi nao, fanya mazoezi ya kalkuleta yao tu, maana wewe umezoea kutumia kichwa. Ninaouogopea ni wa ualimu wenyewe, PPR, namba 160. Mimi nilipata 231. Nikarudia, nikapata 238. Pointi mbili, Baraka! Nililia kwenye maegesho ya magari nikiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni. Kila kuketi nililipa dola 116, na sheria inakupa nafasi tano tu kwa kila mtihani.

Kilichonikwamisha hakikuwa Kiingereza. Ni Korogwe iliyokuwa ndani yangu. Nikupe mfano wa kujitungia. Mwanafunzi hajaleta kazi ya nyumbani wiki ya pili sasa. Mwalimu afanye nini kwanza? Umwite mzazi, umpunguzie alama, umpeleke kwa mkuu wa shule, au uzungumze naye faragha ujue kimemkuta nini? Mimi kidole kilikwenda kwa mzazi bila kufikiri, maana kwetu mzazi akiitwa mambo hunyooka. Jibu lao ni faragha. Swali la kikundi, mimi nachagua mwalimu afafanue upya ubaoni. Wao wanataka watoto wajadiliane, mwalimu azunguke akisikiliza. Mara ya tatu, kabla ya kujibu nilikuwa najiuliza: kati ya haya manne, lipi linampa mtoto nafasi ya kufikiri na kutunziwa heshima yake? Nikapata 251. Sisemi wao wako sahihi kila mahali, maana nina wanafunzi wa darasa la nne ambao ningetamani sana mama zao wangepita mlangoni. Lakini mtihani ni wao.

Kuna na mtihani wa sayansi ya kufundisha kusoma, ulioanza kudaiwa 2021 kwa walimu wa madarasa ya chini. Mimi niliufanya. Wewe wa sekondari unakupita pembeni, mshukuru Mungu.

Ukifaulu somo lako, unaweza kupewa cheti cha mwaka mmoja cha kuanzia kazi. Hapo ndipo wengi wasipoelewa: unafundisha darasa lako mwenyewe, kwa mshahara wa mwalimu, huku msimamizi wa programu akija kukutazama. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima uchague kati ya kula na ualimu. Na ile miezi kabla ya cheti, usiende ghala la mizigo. Omba kuwa mwalimu wa kushikilia darasa pale mwenyewe anapokosekana, au msaidizi wa darasani. Masharti yanatofautiana wilaya hadi wilaya, na malipo ni madogo. Lakini utajifunza sauti ya darasa la huku. Watoto watakuita "sir", wakati huo huo mmoja wao kalala na kofia ya sweta usoni.

Mwisho wa mwaka, programu ikikupendekeza na PPR ikiwa imepita, unaomba cheti kamili. Alama za vidole zitakuwa zimekwisha kuchukuliwa na kukaguliwa kabla ya kile cheti cha kwanza. Cheti kinadumu miaka mitano, na kukihuisha ni saa 150 za kujiendeleza katika muda huo.

Mawili nisiyoweza kulala bila kukwambia. Moja, mkataba. Ukisaini, umesaini. Ukitaka kuacha, barua yako ifike angalau siku 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo; ukiondoka baada ya hapo bila ruhusa ya wilaya, wanaweza kukushtaki kwa jimbo na cheti kikaguswa. Najua wewe ukiahidiwa dola mia mbili zaidi mahali pengine mguu unawasha.

La pili ni fimbo. Sheria ya Texas, utashangaa, bado haijazuia kabisa viboko shuleni, ila Houston, Dallas na Austin walikwisha kupiga marufuku. Usiguse mtoto. Hata sikio, hata lile kofi lako la utani begani. Babu yako alikuwa mwalimu wa zamu aliyetembea na mwanzi, nami nilimrithi, na mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa naingia darasani nimefumbata mikono nyuma kama mtu aliyefungwa pingu. Watoto walidhani ndivyo Watanzania tunavyosimama.

Shule zinaanza Agosti, wakuu wa shule wanaajiri kuanzia majira ya kuchipua. Tukihesabu, ukifika na karatasi zako kamili mwezi wa kwanza, hatujachelewa. Chumba kipo, kodi hiyo niachie mimi mwaka huu.

Kesho nenda chuoni kwako Chang'ombe uombe transkripti, nakala mbili rasmi, kila moja kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri wa chuo, na uwaulize kama watakubali kuituma moja kwa moja kwa watathmini. Usikubali "njoo wiki ijayo" zaidi ya mara moja. Bahasha hizo usizifungue kwa sababu yoyote ile, zikifunguliwa ni karatasi tu. Mjomba wako akitaka kuona alama, mpe fotokopi.

Mama yako